Umepaka Nini Leo? Muuguzi wa Dakika Ishirini

Saa mbili na robo asubuhi. Mwashi mmoja ameketi ukingoni mwa kitanda, viganja vimekamata magoti, mabega yanapanda na kushuka kama mtu anayebeba ndoo mbili za maji ngazini. Suruali yake ina saruji mbichi. Anataka kusema jambo, lakini neno linahitaji hewa, na hewa ndiyo hasa aliyoifuata hapa.

"Usiseme," muuguzi anamwambia. "Mimi nauliza, wewe jibu kwa kichwa. Umekunywa nini leo? Umemeza kidonge chochote?"

Mwashi anatikisa kichwa. Hapana.

"Umepaka nini? Krimu, losheni, mafuta, chochote kilichogusa ngozi."

Mwashi anamtazama kama aliyeulizwa umri wa mama mkwe wake. Anatikisa kichwa.

"Umechomwa nini? Sindano yoyote wiki hii?" Hapana. "Umevuta nini? Sigara, dawa ya kupuliza?" Mwashi anatoa mfukoni kikopo kidogo cha dawa ya kuvuta na kukigeuza juu chini. Kimekwisha.

Muuguzi anaridhika. Anasogeza kiti chake kifupi cha mbao, anaketi, anashika bomba la sindano lililounganishwa na mpira mdogo mkononi mwa mgonjwa, kisha anainua macho kuangalia saa ya ukutani. Mshale wa sekunde unapofika juu kabisa, kidole gumba chake kinasogea. Kidogo sana. Ukipepesa macho hukioni.

Bomba lina mistari ishirini. Anasukuma mstari mmoja kwa dakika moja. Kwa hiyo ataketi hapo dakika ishirini, hatapokea simu, hatajibu salamu, na moto ukiwaka jengo la pili atauliza kwanza umefika wapi.

Wenzake humwita Bi Dakika.

Dawa iliyomo kwenye bomba hilo inaitwa aminofilini. Ni dawa kongwe ya kupanua mirija ya hewa, ile mirija ambayo kwa mtu mwenye pumu hujibana mpaka pumzi ikatoka kwa mluzi. Siku hizi si dawa ya kwanza kushikwa. Mgonjwa huanza na mvuke wa dawa kupitia barakoa, hupewa oksijeni na dawa za kutuliza uvimbe, na wengi hupona hapohapo wakaenda zao. Aminofilini huitwa pale dawa nyingine zote zimegonga mwamba, kama ilivyokuwa kwa mwashi huyu leo, na lazima daktari aiagize.

"Ukiisukuma kwa pupa, moyo wa mgonjwa unakwenda mbio, unaweza hata kukosea njia," anasema Bi Dakika. "Mwalimu wangu wa wodini alinifundisha siku ya kwanza. Alinipa bomba la maji matupu, akaniambia nilimwage kwenye beseni kwa dakika ishirini. Nilipomaliza nikamrudishia bomba. Akasema, haya, sasa rudia."

Ana umri wa miaka arobaini na minne. Kazi hii ameifanya miaka kumi na tisa, kumi na mmoja kati ya hiyo katika chumba hiki chenye vitanda vinne, mashine mbili za mvuke ambazo moja huzima ikijisikia, na saa ya ukutani aliyoileta mwenyewe kutoka nyumbani kwake baada ya ile ya serikali kusimama na kukaa hivyo miezi mitatu. Msimu wa baridi na vumbi, wagonjwa wa kifua hufika arobaini kwa wiki. Kutoka kwake mpaka kazini ni mwendo wa dakika hamsini kwa miguu. Mshahara, anasema, unatosha mpaka tarehe ishirini, na baada ya hapo unaanza kutumia akili.

Mstari wa tisa. Mwandishi wa makala haya anagundua kwamba naye amebana pumzi, bila sababu yoyote, akiwa na kifua kizima kabisa.

Mstari wa kumi na tatu. Mabega ya mwashi yanashuka na hayapandi tena juu kama mwanzo. Ule mluzi wa kifuani unapungua. Kipimo cha oksijeni kilichobanwa kidoleni mwake, ambacho kilikuwa kinaonyesha themanini na tisa, sasa kinasoma tisini na tatu.

Mstari wa ishirini. Mwashi anavuta pumzi ndefu, anaiachia, anavuta nyingine kama asiyeamini kwamba ya kwanza ilikuwa yake. Kisha anasema sentensi yake ya kwanza ya asubuhi hiyo.

"Sista, mimi ni mwashi. Nimepaka ukuta."

Chumba kizima kinacheka, na mwandishi anafuta macho kwa ncha ya shati. Ni jambo la kustaajabisha, na halizoeleki: mtu anaingia mlangoni amebeba kifo begani, kisha maji kidogo ndani ya bomba yanampa nafasi ya kufanya utani.

Lakini kwa nini muuguzi wa pumu anawauliza watu habari za losheni?

"Kaa," anasema Bi Dakika, akivua glovu. "Hiyo ni habari ya mdogo wangu."

*

Walikua wakilala godoro moja, yeye na mdogo wake waliyepishana miaka sita. Mdogo alikuwa na pumu tangu hajaota meno ya mbele. Usiku kifua kilipombana, dada alimkalisha wima, akamwegemeza kifuani pake, akamhesabia pumzi mpaka zikatulia. Mama yao alikuwa jikoni akichemsha chai nyeusi, kali ya kukunja uso, bila sukari. Alimnywesha mtoto kijiko kwa kijiko.

"Hatukuwa na dawa. Tulikuwa na chai na hesabu," anasema. "Ndiyo maana nikawa muuguzi. Sikuwa na wito wala nini. Nilitaka siku moja nimfungue huyu mtoto kifua, basi."

Mdogo naye akawa mrembeshaji. Ana saluni ya viti vitatu, nyuma ya duka la vifaa vya umeme. Anasuka, anaosha nywele, anapaka kucha rangi, na mdomo wake haupumziki hata akiwa na pini sita katikati ya meno.

Mwaka jana wakala wa vipodozi alimletea krimu mpya ya mapaja, kwenye kopo jeupe lenye picha ya miguu isiyo na mwenyewe. Maelezo yalisema inalainisha ngozi na kuyeyusha mafuta ya mapajani. Mrembeshaji, ambaye hauzi kitu asichokijaribu, alianza kujipaka asubuhi na jioni.

"Wiki ya pili mapaja yakaanza kuwasha," anasimulia yeye mwenyewe, maana mwandishi alimfuata saluni. "Yanawasha kweli kweli! Nikafurahi. Nikawaambia wateja, krimu hii si mchezo, nasikia kabisa mafuta yanayeyuka."

Alizidisha. Asubuhi, mchana na jioni.

Wiki ya tatu, saa tano asubuhi, kifua kikambana akiwa kazini. Alivuta dawa yake ya kupuliza mara nne, haikufua dafu. Aliletwa hospitali na mteja aliyekuwa kwenye kiti, upande mmoja wa kichwa umesukwa na upande mwingine umesimama wima. Mteja huyo ndiye aliyepiga kelele mlangoni.

Zamu ilikuwa ya Bi Dakika. Muuguzi mwenzake alikuwa chumba cha kujifungulia.

Mvuke wa kwanza haukusaidia, wala wa pili. Oksijeni ilikuwa usoni, na midomo bado ina rangi ya majivu. Daktari wa zamu akaagiza aminofilini, kisha akamtazama muuguzi wake.

"Akaniuliza, mikono yako itaweza? Nikamwambia, daktari, mikono hii ndiyo iliyomlea."

Fomu ya hospitali ilikuwa na swali moja tu kabla ya sindano hiyo. Lina maana yake: mtu aliyekwisha kumeza vidonge vya jamii hii nyumbani anaweza kuzidishiwa akichomwa tena. Swali lilichapwa hivi: Je, mgonjwa amekunywa dawa yoyote leo?

"Nikamuuliza, mdogo wangu, umekunywa dawa yoyote? Akatikisa kichwa. Hapana."

Bi Dakika anasimama hapo kwenye simulizi yake. Anaangalia saa ya ukutani, ingawa hakuna anachokipima.

"Na hakunidanganya. Alijibu sawasawa na nilivyouliza. Hakunywa kitu. Alipaka."

Akaketi kwenye kiti chake kifupi, akasubiri mshale ufike juu, akaanza. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mdogo alikuwa amefumba macho. Mstari wa nne, mkono wake wa kushoto ukaanza kujikuna paja juu ya gauni.

"Mtu anayetafuta pumzi hana muda wa kujikuna," anasema Bi Dakika. "Nikamtazama shingoni. Mabaka mekundu yanachipuka, moja, jingine, yanapanda kuelekea usoni. Kidole changu kikasimama chenyewe. Nikaita, daktari, nimeisimamisha!"

Daktari alimfikia kwa hatua tatu. Akaagiza bomba lichomolewe na mgonjwa achomwe mara moja adrenalini, dawa ya kuzima mzio mkali, ambayo huchomwa pajani. Dada akapandisha gauni la mdogo wake.

"Mapaja yote mawili yalikuwa yameumuka, mekundu, yanachuruzika maji. Na wekundu umekatika palepale, juu ya goti, kwa mstari ulionyooka. Kama amevaa kaptula. Ngozi haiugui kwa mstari ulionyooka. Hapo kuna mkono wa mtu umepaka kitu."

Alichoma adrenalini. Anasema hakumbuki kuichoma. Anachokumbuka ni kwamba alimwegemeza mdogo wake kifuani pake, kama zamani, akaanza kumhesabia pumzi kwa sauti mbele ya daktari na mbele ya mteja wa nusu kichwa, na hakuona haya hata kidogo. Alifika mia mbili na kitu kabla mabaka hayajaanza kufifia na midomo kurudi rangi yake.

Ndani ya bomba ilibaki mistari kumi na sita.

Daktari wa zamu siku hiyo, ambaye bado yupo hospitalini hapo, hapambi maneno. "Angekuwa muuguzi mwingine mwenye haraka zake, dawa yote ingekuwa ndani," anasema. "Mimi mwenyewe nilikuwa nimewahi kumcheka kwa zile dakika zake ishirini. Sicheki tena."

*

Kopo la krimu lilifikishwa kwa mfamasia siku hiyohiyo. Ni mzee mwembamba mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kuitafutia ile ya kwanza. Akasoma maandishi madogo ya nyuma ya kopo, akasogea dirishani, akasoma tena.

"Nikamwita Bi Dakika," anasema. "Nikamwonyesha neno kwa ukucha. Aminofilini."

Dawa ileile. Ile anayoisukuma mstari kwa mstari akiogopa moyo wa mtu, mdogo wake alikuwa akijipaka kwa kiganja akiimba.

Mfamasia anaeleza kwa subira. Katika mwili, jamii hii ya dawa hulegeza misuli inayobana mirija ya hewa. Lakini watu wa vipodozi nao walisikia kwamba inaweza kuzishawishi chembe za mafuta ziachie mafuta yake, wakaitia kwenye krimu. Je, mapaja yanapungua kweli? Mzee anayumbisha mkono hewani. Waliopima, anasema, wengine waliona kupungua kidogo, wengine hawakuona chochote, na hata waliopungua ilitegemea umeshika futi vipi.

"Lakini ndani ya aminofilini kuna vitu viwili," anaendelea. "Kimoja ni dawa yenyewe, inayofungua kifua. Hiyo ni ngumu kuyeyuka kwenye maji, kwa hiyo ilifungishwa na mwenzake wa kuisindikiza. Huyo mwenzake ana jina refu kama treni ya mizigo, wewe andika msindikizaji. Ngozi za watu wachache hazipatani naye. Wakimpaka mara kwa mara mwili unamkariri sura. Sasa siku akija kwa njia ya sindano, mwili unamtambua na kupiga yowe."

Mwandishi anakiri kwamba alilazimika kuweka kalamu chini. Kitu kimoja: mshipani kinamrudishia mwashi utani wake, kwenye paja la mwanamke kinaandaa hatari kimyakimya, na kati ya mambo hayo mawili kuna neno moja tu la swali.

Mzee hakuwa amemaliza. Alimgeukia Bi Dakika siku ile, anasema, kwa sababu alimwona amekaa kama mtu aliyepigwa, akamwambia jambo la kumpoza moyo. Dawa hii, akamwambia, ile sehemu yake inayofungua kifua, mara ya kwanza kabisa wanasayansi waliipata ndani ya majani ya chai.

"Akaniuliza, chai hii tunayokunywa? Nikamwambia hiyohiyo. Ni kiasi kidogo mno, wala mtu asiache dawa akakimbilia birika. Lakini imo. Basi yule mama akaanza kulia hapa, kwenye meza yangu ya hesabu, mpaka nikapoteza miwani zote mbili."

Bi Dakika hakatai kwamba alilia. "Nilimwona mama yangu," anasema. "Yule mwanamke hakusoma hata darasa moja. Kwenye moshi wa jikoni, kijiko kwa kijiko, alikuwa ameshika ncha ya uzi uleule ninaoushika mimi. Wala hakujua. Mpaka leo nikilifikiria mwili unanisisimka."

*

Mrembeshaji alikaa wodini siku tatu. Siku ya nne, kabla ya kufungua saluni, alikwenda nyumba kwa nyumba kuwatafuta wateja kumi na tisa aliowauzia krimu ile.

"Kila mlango niligonga nikauliza, kifua chako kizima? Mapaja yanawasha?" anasema. "Wengine walidhani nimerukwa na akili."

Wawili walikuwa na pumu. Mmoja wao alikuwa anawashwa wiki nzima na amefurahi vilevile. Makopo yote aliyokusanya aliyapeleka kwa mfamasia. Kwenye mkoba wake sasa kuna kadi iliyoandikwa kwa mkono wa dada yake kwamba asichomwe aminofilini, na ukutani mwa saluni, juu ya kioo, amebandika karatasi: Tuambie kifua chako kabla hatujakupaka.

Bi Dakika yeye akalishika swali. Tangu siku ile hasomi tena lile la kwenye fomu. Anauliza ya kwake manne, kwa kila mgonjwa. Lakini yeye ni mtu mmoja na zamu ziko tatu. Kwa miezi kumi na minne amekuwa akimfuata daktari mkuu ofisini, kwenye korido na mara moja msalani, mlangoni, akiomba fomu ibadilishwe.

Siku ya ziara ya mwandishi, saa nane mchana, nakala ya majaribio inarudi kutoka kwa mpiga chapa. Bi Dakika anaipokea kwa mikono miwili. Anasoma. Uso wake unabadilika.

Imeandikwa: Je, mgonjwa ametumia dawa yoyote leo?

"Hapana," anasema.

"Kutumia ni yote, Bi Dakika," daktari mkuu anamwambia kwa upole. "Kunywa ni kutumia, kupaka ni kutumia."

"Kwako wewe, daktari. Mdogo wangu ungemuuliza umetumia dawa, angekujibu hapana vilevile. Kwake yeye krimu si dawa. Ni urembo! Mtu anayekata roho hakai akapanga maneno. Neno dawa litoke kabisa. Muulize umekunywa nini, umepaka nini, umechomwa nini, umevuta nini. Hapo hata mtoto atakujibu."

"Hayo ni maswali manne. Nafasi kwenye karatasi ni ya moja."

Bi Dakika anaweka kidole kwenye fomu, chini ya anwani ya mgonjwa. "Hapa pameandikwa namba ya faksi. Miaka kumi na tisa, daktari, sijapata mgonjwa mwenye faksi."

Daktari mkuu anaitazama fomu ambayo ameisaini mara elfu kadhaa. Kisha anaanza kucheka, mabega yanatikisika, anachomoa kalamu, anafuta mstari wa faksi, na pembeni anaandika maswali manne kama alivyotajiwa, akirudi nyuma mara moja kuuliza, "La tatu lilikuwa lipi?" Anatia saini.

Bi Dakika anakunja nakala hiyo mara moja, kwa uangalifu, kama nguo ya mtoto mchanga.

"Hii ni hospitali moja," anasema baadaye, akibadilisha viatu. "Nataka iende kwenye kila zahanati yenye bomba na saa. Nitaandika barua. Polepole, lakini nitaandika. Mimi kusubiri nimezoea."

Saa tisa na nusu, mdogo wake anasimama mlangoni na chupa ya chai mkononi, jasho usoni, maana amekuja kwa miguu kwenye jua kumchukua dada yake. Kwa kawaida watu husalimiana. Hawa wawili wana salamu yao.

"Umekunywa nini leo?" dada anauliza, bila kuinuka.

"Chai ya mama. Nyeusi."

"Umepaka nini?"

"Rangi ya kucha. Za mteja."

"Umechomwa nini?"

"Nimechomwa na jua, dada, twende basi!"

"Umevuta nini?"

Mrembeshaji, ambaye mdomo wake haupumziki, anapumzika kidogo. Anavuta pumzi ndefu mpaka kifua kinajaa, na hakuna mluzi. Dada yake anamsikiliza mpaka aishushe yote.

"Hewa," anasema. "Hewa tupu."